Usonji na Himila: Tuhuma na Ushahidi

Mtoto anapofikia umri wa miaka miwili au mitatu naye haitiki akiitwa kwa jina lake, hamtazami usoni anayemsemesha, amepoteza maneno machache aliyokwisha kuyapata, au hukaa saa nzima akizungusha gurudumu la kigari huku amewapa mgongo watoto wenziwe, swali la kwanza linaloulizwa nyumbani aghalabu si swali juu ya mtoto bali ni swali juu ya mama yake. "Mwanangu, ulipokuwa na mimba yake ulikuwa ukila nini?" huuliza mama mkwe, pengine kwa huruma. "Ulimeza dawa gani? Ulipita wapi magharibi ile?" Na mama, ambaye ameanza kuogopa kabla hata ya kuulizwa, hurudi nyuma kwa fikira na kuipekua miezi tisa siku baada ya siku: homa ya mwezi wa tatu, vidonge vya kichwa alivyonunua dukani bila kumwuliza mtu, ugomvi na mumewe, siku ile alipoteleza kisimani na ndoo mkononi. Hapana mwanamke aliyepata kuipekua miezi tisa ya maisha yake kwa nia ya kutafuta kosa akalikosa.

Swali la mama mkwe linaulizwa pia katika vyuo vya tiba, kwa lugha nyingine na kwa vyombo vingine, na limeulizwa kwa zaidi ya miaka themanini: je, afya ya mama wakati wa mimba ina mkono katika usonji wa mtoto? Ni swali la haki, kwa kuwa ubongo wa mwanadamu huanza kujengwa tumboni, na apendaye kujua asili ya usonji hana budi kuchungulia huko. Ila majibu yaliyopatikana ni ya namna mbili zisizofanana, na msiba uliowapata akina mama wengi umetokana na kuchanganywa kwa namna hizo mbili. Yako mambo machache, yanayohesabika kwa vidole vya mkono mmoja, ambayo yana ushahidi wa nguvu kwamba yakimpata mja mzito huweza kugeuza ujenzi wa ubongo wa mtoto; na yako mambo mengi mno ambayo huonekana yakifuatana na usonji katika hesabu za wataalamu, lakini yakichunguzwa kwa makini hudhihirika kwamba hayakuuleta, bali yametoka pamoja nao katika asili moja.

Habari hii ilianza kwa maarifa ikaharibika kwa haraka ya kuhukumu. Mwaka 1943 Leo Kanner, tabibu wa akili za watoto katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alitoa makala iliyoeleza hali ya watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, ambao walipenda upweke kuliko watu na mazoea kuliko jambo lolote jipya, na katika hitimisho lake alisema kuwa hali hiyo walizaliwa nayo. Laiti angalikomea hapo! Lakini katika makala ile ile alitaja kwamba wengi wa wazazi wao walikuwa watu wa elimu na kazi, wachache wa bashasha, na mwaka 1949 akairudia hoja hiyo kwa nguvu zaidi, akiwasawiri kuwa watu waliowalea watoto wao katika baridi ya moyo. Dhana hiyo aliichukua Bruno Bettelheim, aliyekuwa akiongoza shule ya watoto wenye matatizo ya nafsi katika Chuo Kikuu cha Chicago, na kitabu chake cha mwaka 1967 kikawaaminisha wasomaji wengi wa Marekani na Ulaya kwamba mtoto hujifungia katika usonji kwa sababu wazazi wake, na hasa mama, hawakumtaka. Na tiba aliyoihimiza ni kumtoa mtoto mikononi mwao. Kwa miaka mingi mwanamke aliyempeleka mwanawe hospitali kutafuta msaada alirudi nyumbani akiwa yeye ndiye mgonjwa, au tuseme mshtakiwa.

Aliyeanza kuivunja hukumu hiyo kwa hoja, hata kabla ya kitabu cha Bettelheim, alikuwa Bernard Rimland, mtaalamu wa saikolojia katika jeshi la majini la Marekani na baba wa mtoto mwenye usonji, ambaye mwaka 1964 alichapisha kitabu kilichokusanya kila kilichojulikana siku hizo juu ya hali hii na kuonyesha kwamba madai ya malezi mabaya hayana msingi. Na Kanner mwenyewe ndiye aliyekiandikia dibaji. Mwaka 1969, mbele ya mkutano wa wazazi mjini Washington, mzee huyo aliwatoa wazazi lawamani hadharani. Kisha wakaja Susan Folstein na Michael Rutter, ambao mwaka 1977 walitoa habari za jozi 21 za mapacha nchini Uingereza. Katika jozi 11 za mapacha wa yai moja, jozi 4 walikuwa na usonji wote wawili; katika jozi 10 za mapacha wa mayai mawili, haikuonekana hata moja. Msomaji na aipime hoja hiyo taratibu: mapacha wote, wawe wa yai moja au mawili, hulala katika tumbo moja, hulishwa na damu moja, na homa ya mama huwafikia wote wawili, basi kama tumbo peke yake lingalikuwa ndilo asili ya jambo hili, mapacha wa mayai mawili nao wangalifanana. Kilichowatofautisha ni vinasaba. Hesabu zilizofuata zimeikuza hoja hiyo mpaka imekuwa vigumu kuitingisha, kwani mwaka 2019 watafiti waliokusanya habari za watoto takriban milioni mbili kutoka Denmark, Finland, Uswidi, Israel na Australia ya Magharibi walikadiria kwamba kiasi cha asilimia 80 ya tofauti baina ya watu katika usonji hutokana na nasaba, na kwamba kile kinachotoka kwa mama peke yake, mbali na vinasaba alivyomrithisha mtoto, ni baina ya asilimia 0.4 na 1.6 tu.

Hata hivyo katika utafiti ule wa mwaka 1977 limo jambo ambalo hutajwa mara chache. Katika jozi 17 ambazo pacha mmoja tu ndiye aliyekuwa na usonji, jozi 12 zilionyesha kwamba yule mwenye usonji ndiye aliyepatwa na dhara lenye kuweza kuugusa ubongo, mathalani kuchelewa kupumua alipozaliwa. Nasaba, basi, haikuufunga mlango wote. Na waliopita katika ule upenyo uliobaki wamekuta mambo ya kweli.

La kwanza ni rubela. Kwa mtu mzima maradhi haya ni mepesi mno: vipele vya siku tatu, homa ndogo, tezi za shingo kuvimba, kisha basi. Mwaka 1941 Norman Gregg, tabibu wa macho mjini Sydney, aliona watoto wachanga wengi kupita kawaida waliozaliwa na mtoto wa jicho, na alipochunguza akabaini kwamba mama zao walikuwa wameugua rubela mwanzoni mwa mimba. Kirusi kisichomlaza mama hata wiki moja hupita kwenye kondo na kuharibu macho, masikio, moyo na ubongo wa kiumbe ambacho viungo vyake ndiyo kwanza vinafanyika. Mwaka 1964 na 1965 Marekani ilipatwa na mlipuko uliowaambukiza watu wanaokadiriwa kufika milioni 12 na nusu, na watoto kiasi cha 20,000 wakazaliwa wakiwa na madhara yake. Mjini New York, Stella Chess aliwachunguza watoto 243 kati ya hao, na mwaka 1971 akatoa habari kwamba 10 walikuwa na usonji kamili na 8 walikuwa na dalili zake kwa sehemu. Kwa siku hizo, ambapo usonji ulihesabiwa kuwa ni wa watoto wanne au watano katika kila 10,000, watu 18 katika 243 si jambo la kupita njia. Hapa hapakuwa na haja ya kukisia: kirusi kilijulikana, wakati wake ulijulikana, na njia yake ya kumfikia mtoto ilijulikana.

La pili ni thalidomaidi, dawa ya usingizi na kichefuchefu iliyouzwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuondolewa madukani mwaka 1961 baada ya kuzaliwa maelfu ya watoto wasio na mikono au miguu. Miaka thelathini na zaidi baadaye Kerstin Strömland na wenzake waliwachunguza watu 100 wa Uswidi walioathirika na dawa hiyo, wakakuta kwamba wasiopungua wanne walikuwa na usonji. Jambo la kustaajabisha si idadi hiyo tu, bali ni viungo vya watu wenyewe: mikono na miguu yao haikuwa imekatika kama ya wengine, kilichoharibika kwao ni masikio na mishipa ya fahamu ya uso. Wanaojua ujenzi wa kiumbe tumboni wanaweza kuisoma alama hiyo kama mtu asomavyo tarehe, kwani masikio hufanyika mapema kuliko mikono, na hesabu ikatua baina ya siku ya 20 na ya 24 baada ya mimba kutungwa. Siku hizo mwanamke aghalabu hajajua kama ana mimba. Pengine amechelewa siku zake kwa wiki moja au hajafika hata hapo. Nimelikalia jambo hili kwa sababu linaonyesha mambo mawili kwa pamoja: kwamba tumbo lina nyakati zake za hatari, na kwamba nyakati hizo baadhi yake hutangulia hadhari yoyote ambayo mama angaliweza kuichukua.

La tatu, na ndilo lenye uzito kwa wanawake walio hai leo, ni valproeti, dawa ya kifafa ambayo hutumiwa pia kwa baadhi ya maradhi ya akili. Mwaka 2013 Jakob Christensen na wenzake wa Denmark walitoa hesabu za watoto 655,615 waliozaliwa baina ya mwaka 1996 na 2006. Katika watoto wote, walioonekana kuwa na usonji walikuwa asilimia 1.53, katika watoto 508 ambao mama zao walimeza valproeti wakati wa mimba, walikuwa asilimia 4.42. Mtu mwenye hadhari atauliza mara moja: je, si kifafa chenyewe, au vinasaba vinavyokileta, ndivyo vilivyoleta usonji? Watafiti waliliona swali hilo, wakawaweka kando wanawake wenye kifafa peke yao na kuwalinganisha wao kwa wao. Waliotumia valproeti watoto wao wenye usonji walikuwa asilimia 4.15, na wasioitumia asilimia 2.44. Tofauti ilipungua, lakini haikutoweka, na kwa kuwa dawa hii inajulikana pia kuharibu uti wa mgongo wa kiumbe na kudumaza akili ya mtoto, ushahidi wote umekuja ukielekea upande mmoja.

Baada ya hayo matatu msafara wa tuhuma unakuwa mrefu na ushahidi wake unakuwa mwembamba. Kisukari cha mimba, unene, shinikizo la damu, kifafa cha mimba, homa, maambukizo ya mkojo na ya kifua, huzuni, dawa za huzuni, dawa za maumivu, upungufu wa damu: kila kimoja kimepata siku yake ya kutangazwa magazetini kwamba kimehusishwa na usonji, na kila tangazo limeacha wanawake wengi wakiwa na fadhaa. Sisemi kwamba hesabu hizo zilikuwa za uongo. Utafiti wa California uliotolewa mwaka 2015, wenye watoto 322,323, ulionyesha kweli kwamba pale kisukari cha mimba kilipogunduliwa kabla ya wiki ya 26, usonji ulionekana kwa watoto kupita kawaida kwa kiasi cha asilimia 42. Lakini wahenga wetu walikwisha kuliona kosa linalomvizia asomaye hesabu za namna hii waliposema kwamba jogoo awike asiwike kutakucha: mambo mawili kufuatana kila siku si ithibati kwamba la kwanza ndilo lililolileta la pili.

Ugumu ni huu. Mama hampi mtoto wake tumbo tu. Humpa pia nusu ya vinasaba vyake. Mwanamke ambaye katika nasaba yake mna huzuni nyingi, au maumivu ya kichwa yasiyokwisha, au mwili unaowaka kwa urahisi, huenda akamrithisha mtoto vinasaba vile vile ambavyo kwa mtoto hudhihiri kama usonji. Na kwa kuwa yeye ndiye aumwaye kichwa, yeye ndiye amezaye vidonge, na mwandishi wa hesabu akaja kuvikuta vidonge na usonji katika nyumba moja. Fauka ya hayo, watafiti wa zamani walizoea kuwauliza akina mama baada ya mtoto kwisha kugunduliwa, na mama aliyelaumiwa hukumbuka kila homa, ilhali jirani yake mwenye mtoto asiye na tatizo amezisahau zake zote.

Dawa ya kosa hili imepatikana katika nchi za Skandinavia, ambako kila mzaliwa ana namba yake, na namba hiyo huunganisha daftari la wakunga, la duka la dawa na la hospitali tangu kuzaliwa hata kufa. Mwanamke wa Uppsala, tuseme, amezaa watoto wawili kwa mume mmoja. Katika mimba ya kwanza alimeza parasetamoli na katika ya pili hakumeza. Vinasaba vimetoka katika chungu kimoja, nyumba ni moja, chakula ni kimoja, mama ni yule yule. Kilichobadilika ni kidonge. Kama kidonge ndicho chenye taksiri, basi wazaliwa wa kwanza wa namna hiyo, wakikusanywa kwa maelfu, wataonekana kuwa na usonji zaidi kuliko ndugu zao. Viktor Ahlqvist na wenzake walifanya hivyo hasa, na mwaka 2024 wakatoa habari za watoto zaidi ya milioni mbili na laki nne waliozaliwa Uswidi baina ya mwaka 1995 na 2019. Walipowalinganisha watoto wote bila kujali udugu, ilionekana tofauti ndogo: asilimia 1.53 kwa waliopata parasetamoli tumboni na asilimia 1.33 kwa wasioipata. Walipowalinganisha ndugu kwa ndugu, tofauti hiyo ilitoweka kabisa.

Maambukizo nayo yalipimwa kwa mizani hiyo. Mwaka 2015 hesabu za Uswidi zilionyesha kwamba wanawake waliolazwa kwa maambukizo wakati wa mimba walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa asilimia 30, ya kuzaa mtoto mwenye usonji, na wengi wakaona kwamba hapa ndipo pana siri, hasa kwa kuwa majaribio ya panya yalikwisha kuonyesha kwamba kinga ya mwili ya mama ikiamshwa kwa nguvu wakati wa mimba, tabia za watoto wake hubadilika. Lakini mwaka 2022 watafiti wa huko huko Uswidi waliuliza swali lililokuwa la busara kubwa: vipi kuhusu wanawake walioambukizwa mwaka mmoja kabla ya kupata mimba? Kiumbe ambacho hakijatungwa hakiwezi kudhurika kwa homa. Wakakuta kwamba wanawake hao nao walionyesha ongezeko lile lile, na walipowalinganisha ndugu, uhusiano ukafifia mpaka ukakoma. Homa ilikuwa ishara ya namna ya mwili wa mama na nasaba yake. Haikuwa fundi aliyeufanya usonji.

Uchambuzi mpana kuliko wote uliotangulia ulitolewa mwaka 2025 na kundi lililoongozwa na Magdalena Janecka, ambalo lilipitia mimba zaidi ya milioni moja na laki moja nchini Denmark na kuyatazama maradhi ya mama karibu yote yaliyoandikwa katika madaftari, si moja moja bali kwa ujumla wake. Uhusiano wa maradhi mengi na usonji ulionekana mwanzoni, kama ulivyoonekana kwa wengine. Walipowalinganisha ndugu, karibu wote ukaanguka. Nao wakafanya jambo ambalo waliotangulia wengi hawakulifanya, wakamtazama baba. Maradhi kadhaa yaliyohusiana na usonji yalipompata mama yalihusiana nao vile vile yalipompata baba, naye baba hana tumbo la kubebea mtoto. Kilichobaki baada ya mchujo huo ni hasa matatizo ya kiumbe chenyewe tumboni, na watafiti waliyafahamu kuwa yaelekea si chanzo bali ni dalili za mapema: mtoto ambaye ubongo wake tayari ulikuwa unajengwa kwa namna nyingine huenda akaonyesha tofauti hiyo kabla ya kuzaliwa, na wakunga wakaiandika katika safu ya matatizo ya mimba.

Kwangu mimi huu ndio moyo wa jambo zima, na linanisikitisha kuona ulivyosikika kwa wachache. Mwezi Septemba mwaka huo huo wa 2025 Rais wa Marekani, Donald Trump, alisimama mbele ya ulimwengu na kuwaambia waja wazito wasimeze parasetamoli, akiihusisha na usonji. Shirika la Afya Ulimwenguni lilijibu katika siku zilizofuata kwamba hapana ushahidi wa kukata shauri juu ya madai hayo. Kauli ya mtu mkubwa huvuka bahari kwa siku moja, na jibu la wataalamu hufuata kwa mguu. Mwanamke aliyesikia la kwanza asisikie la pili atakaa na homa kali kwa kuhofu kidonge, ilhali homa kali mwanzoni mwa mimba ndiyo inayojulikana kuongeza hatari ya uti wa mgongo wa kiumbe kutofunga sawasawa, na katika nchi zetu huenda homa hiyo ni malaria, ambayo haingoji.

Tena si kila kilichosalia ni cha kukanusha. Asidi ya foliki ilijulikana zamani kwamba hukinga uti wa mgongo wa kiumbe; mwaka 2013 Pål Surén na wenzake wa Norway, katika watoto 85,176, walikuta usonji wa aina kali kwa asilimia 0.10 ya wale ambao mama zao waliitumia kuanzia kabla ya mimba na kuendelea, na asilimia 0.21 ya wale ambao mama zao hawakuitumia. Hesabu hizo hazikupita katika mizani ya ndugu kama zile nyingine, kwa hiyo sitazibebesha zaidi ya uwezo wake. Lakini vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mwanamke kliniki, ambavyo ndani yake mna foliki, vina sababu nyingi za kumezwa hata bila ya hii. Na watoto njiti ni habari nyingine: mkusanyo wa tafiti uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kwamba kiasi cha watoto 7 katika kila 100 waliozaliwa kabla ya wakati wana usonji, ambapo katika watoto wote Shirika la Afya Ulimwenguni hukadiria mmoja katika kila 100 au pungufu kidogo.

Hapa ndipo mtu wa Afrika Mashariki anapaswa kusoma hesabu za Skandinavia kwa macho yake mwenyewe. Mama wa Uswidi aliyeugua wakati wa mimba alitibiwa siku ile ile. Homa yake ilishuka, mtoto akapimwa, uzazi ukasimamiwa na wakunga wenye vifaa. Kusema kwamba maambukizo ya namna hiyo hayakuleta usonji si kusema neno lolote juu ya malaria iliyojificha katika kondo kwa miezi, wala juu ya uchungu wa siku mbili katika kijiji kisicho na gari, wala juu ya mtoto aliyezaliwa bila kulia na ikachukua dakika nyingi kumpa pumzi. Malaria ya mimba huzaa watoto wepesi na huwatoa wengine kabla ya wakati. Kifafa cha mimba hulazimisha matabibu wamtoe mtoto mapema ili kumwokoa mama. Na kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa ni jambo lile lile walilolitaja Folstein na Rutter kwa mapacha wao. Kwa hiyo mwanamke anayelala chini ya chandarua, anayemeza dawa ya kuzuia malaria aliyopewa kliniki, na anayejifungulia penye mkunga, analinda ubongo wa mtoto kwa njia ambayo madaftari ya Stockholm hayana sababu ya kuionyesha.

Mintarafu ya fikira za watu wetu wenyewe, tunayo kumbukumbu iliyo wazi. Victor Lotter alizunguka miji ya nchi sita za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, na mwaka 1978 akaandika kwamba usonji upo, akiwapinga waliodhani kuwa ni jambo la Wazungu matajiri. Mwaka 2015 Joseph Gona na wenzake walichapisha waliyoyasikia kwa wazazi na wataalamu wa pwani ya Kenya, na ndani yake mlikuwamo mapepo, uchawi na laana, kadhalika malaria, matatizo ya uzazi na dawa zilizotumiwa wakati wa mimba. Vyote hivyo vilikaa katika kichwa kimoja bila ugomvi. Mama wa pwani hutuhumiwa na mganga na hutuhumiwa na mwenye stethoskopu, na sioni kwamba tuhuma ya pili ni nyepesi kwake kwa kuwa inasemwa kwa maneno ya kitabibu.

Rubela imepata jibu katika nchi zetu, nalo ni jibu la kujivunia. Tanzania iliingiza chanjo ya surua na rubela mwaka 2014, na Kenya ikafuata mwaka 2016, kwa kampeni zilizowafikia mamilioni ya watoto mashuleni na zahanati. Mtoto anayechanjwa leo ndiye mama wa kesho ambaye kirusi hakitamkuta. Ni jambo zito kukumbuka kwamba chanjo ya aina hiyo hiyo ndiyo iliyosingiziwa na Andrew Wakefield mwaka 1998 nchini Uingereza, kwa makala ya watoto 12, kwamba huleta usonji; makala hiyo ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010, na mwandishi akaondolewa katika orodha ya matabibu, lakini mpaka leo kuna wazazi wanaoikimbia chanjo kwa kuogopa usonji, ilhali chanjo hiyo ni miongoni mwa mambo machache sana yenye uwezo wa kuzuia sehemu ya usonji.

Valproeti haijapata jibu kama hilo. Kifafa ni kingi katika vijiji vyetu, wasichana wenye kifafa wengi huanza dawa wakiwa bado shuleni, na dawa wanayoanza nayo ndiyo mara nyingi wanayoolewa nayo na kubeba nayo mimba, kwa kuwa aliyeiandika mara ya kwanza hakuwaza juu ya mwaka wa kumi baadaye. Mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri kwamba valproeti isiandikiwe wasichana na wanawake wenye umri wa kuzaa, kwa kuwa dawa nyingine zipo. Shauri hilo linamhusu mganga wa zahanati kuliko linavyomhusu mgonjwa, kwa maana mwanamke aliyesikia habari hizi na kuiacha dawa ghafla anaweza kupatwa na degedege zisizokatika, zinazoua mama na mtoto pamoja. Dawa hubadilishwa pole pole, chini ya macho ya tabibu, na ifaavyo ni kabla ya mimba. Msichana wa miaka kumi na minne anapokuja kuchukua vidonge vyake vya mwezi, aliyeketi nyuma ya dirisha la dawa ndiye anayepaswa kusoma jina la dawa na umri wa aliyeandikiwa, na kumrudisha kwa daktari siku hiyo hiyo.